Maji Yaliyotulia

Bidoni la njano lililokaa na maji siku tatu lina harufu yake: plastiki iliyopigwa jua, na tope kidogo. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Saio, mjini Bunia, mwaka ule bunduki ziliponyamaza na kila mtu akaambiwa atulie. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba na mama walikuwa wamekufa, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu, Neema na Joeli.

Jumapili moja mhubiri alitusomea zaburi ya mchungaji anayewapeleka kondoo wake kwenye maji matulivu. Nilikunja uso. Zaburi nyingine niliielewa vizuri, ile ya mtu anayelia kwamba maji yamemfika shingoni. Sisi tulivuka mto tukikimbia vita, Joeli akiwa mabegani mwangu, kwa hiyo nilijua yule Mwebrania wa kale hakubuni. Lakini maji matulivu? Mama alitufundisha kuchota yanayotembea. Yaliyotulia huota viluwiluwi.

Alasiri hiyo baba mdogo, aliyefika kutoka Niania jana yake na kusali nasi, alikaa kutugawa: Neema kwake, Joeli kwa shangazi, mimi nibaki kulinda nyumba. Nilikataa.

"Weye iko mutoto," akasema. "Hukusikia mhubiri? Maji matulivu! Tulia, siye wakubwa tutapanga."

Niliingia ndani, nikajaza kikombe cha wageni kutoka lile bidoni, nikampa kwa mikono miwili, nimepiga magoti kama nilivyolelewa.

"Kunywa, baba mudogo. Hii imetulia siku tatu."

Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza ndani. Neema, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akashindwa kujizuia. "Yaya, unamupa na nyama!"

Baba mdogo alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akamwaga maji chini. Kesho yake alipanda lori la Niania peke yake.

Sasa nina kondoo wanne, nami nimeona kwamba kondoo huogopa maji yanayokimbia. Mtunzi wa zaburi alijua kazi yake. Ila hakusema kondoo watulie. Yaliyotulia ni maji. Wala hakusema mchungaji aliwagawa.

Neema leo ni mwalimu, Joeli ana watoto, na wote tunakaa Saio. Mjini wanasema tena kwamba kuna utulivu. Anayekuja kuniambia nami nitulie, namkaribisha kiti, kisha naenda kumletea kikombe.