Blanketi Lililotaka Kuwa Kikapu

Amulen hakuwa mwanamke wa kuulizauliza. Vikapu vyake, alivyosukia nyumbani kwake kando ya njia ya Mulanda, vilisifiwa hadi soko la Tororo. Ni jambo jema mtu kuijua kazi yake. Ubaya huanza pale anapodhani kuwa kuijua moja ni kuzijua zote.

Mwaka wa sitini na nne, klabu ya akina mama ilipata mwalimu, msichana aitwaye Maggie, aliyewafundisha kufuma sufu kwa sindano yenye ndoana kichwani. Amulen alitaka blanketi la mraba, kwa kuwa bintiye Amuge alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, na ubatizo ungefanyika Masinya, kwa wakwe. Maggie akampa karatasi ya mfano, yenye picha na maelezo ya Kiingereza, akataka kumfafanulia.

"Wacha, mwanangu," Amulen akamkata. "Mimi nasuka tangu mama yako hajaolewa. Leo wewe utanionyesha kuzungusha duara?"

Wenzake wakacheka, naye akalewa kicheko chao. Siku hiyo hiyo akatuma neno Masinya kwa Benedeta, mama wa mkwewe Oundo: wasisumbuke kununua blanketi dukani, mtoto atafunikwa kwa kazi ya mikono ya nyanya yake. Ahadi ikishavuka mto hairudishwi.

Akaitazama picha, akaanza katikati. Mzunguko wa kwanza ukalala vizuri juu ya paja, na uliofuata vilevile. Lakini mikono ina mazoea yake. Msukaji wa vikapu hupanua kitako mpaka kitoshe, kisha huacha kuongeza ili kuta zisimame. Kazi ilipofikia upana wa sahani, mikono ya Amulen ikaacha kuongeza bila kumwuliza mwenyewe. Naye akaendelea kukaza, akijisifu kwa jinsi anavyokaza.

"Mama," Amuge akasema huku akinyonyesha, "hili blanketi lina kuta."

"Litalala likifuliwa."

Likafuliwa. Halikulala.

Ijumaa Oundo akaja na baiskeli kuwachukua mkewe na mtoto. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo akapewa kigoda nje, mgongo wake kwenye ukuta wa jiko, na Amulen akabaki ndani. Amuge, ambaye utundu haukuwa umemtoka hata baada ya kuzaa, akamwekea mumewe ile kazi magotini. Oundo akaigeuza huku na huku, kisha akaivaa kichwani.

"Mwambie mama asante kwa kofia. Imenienea."

Jikoni, Amulen akahesabu siku. Ubatizo ulikuwa Jumapili, na Benedeta hakuwa amenunua kitu, kwa kuwa aliambiwa asinunue. Uongo ukamjia Amulen kwanza, kama kawaida yake, tena umevaa vizuri: sema panya wamelikula. Akafungua mdomo. Ndipo akamwona mjukuu wake amelala, akatambua kwamba mtoto huyo angeuanza Ukristo wake kwa uongo wa nyanya. Akaufunga mdomo, akaufungua upya.

"Amuge, mwulize mkwe wangu kama anasoma Kiingereza."

"Mama anauliza kama unasoma Kiingereza."

"Mwambie nasoma. Pale kazini, kwenye kiwanda cha pamba, nyaraka zote ni za Kiingereza."

"Anasema anasoma."

"Nimesikia," akasema Amulen.

"Kama mnasikiana, mimi hapa ni nani? Ukuta?"

"Ukuta tunao," Oundo akasema. "Wewe lete karatasi."

Akasoma, akatafsiri kwa sauti. "Hapa wanasema, kila ukifika kwenye pembe, weka mafungu mawili katika tundu moja. Kila mzunguko, mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?" Amulen akamsahau mjumbe wake. "Hakuna mahali pa kuacha kuongeza?"

"Hakuna, mama. Kikapu ndicho kinachotaka kuta."

Ndani kikasikika kicheko, halafu uzi ukifumuliwa, trr, mpaka kwenye kitako. Jioni nzima ikawa hivyo. Amulen akifika pembeni anaita, "Pembe!" na nje Oundo anaitikia, "Mbili!" Waliopita njiani walidhani kuna ng'ombe anauzwa.

Jumapili, kanisani Masinya, wanawake walikaa upande wao na wanaume wao, hivyo desturi haikuguswa. Blanketi lilikuwa limelala bapa, na pembe zake nne. Ila jioni moja haikutosha: lilimfunika mtoto kuanzia kifuani hadi magotini tu. Benedeta akalipapasa.

"Mama Amuge, mbona dogo?"

"Na mwenyewe si mdogo? Watakua pamoja. Akirefuka, naongeza mzunguko."

"Haya. Na kazi nzuri hii, nani alikufundisha?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza, na Benedeta asingejua kamwe.

"Kijana wako," Amulen akasema. "Mimi nilikuwa nimefuma kofia. Alinisomea kupitia ukutani."

Benedeta akacheka mpaka akaziba mdomo kwa leso. Upande wa pili, Oundo alisikia. Hakugeuza uso, maana adabu ni adabu. Aliinua tu vidole viwili.