Walitaka Kamyo Ikimbie

Siku ya kwanza niliyoingia atelie, karakana ya kampuni ya shaba hapa Kolwezi, shefu, mkuu wa atelie, alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Baba yangu, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, alitaka binti yake aingie kazini akiwa safi. Shefu hakucheka. Alituma mtu aniletee mabuti ya mzee mmoja aliyestaafu. Yalikuwa makubwa, nikajaza matambara mbele, nikaanza kazi. Walikuwapo wanawake wengine katika kampuni, lakini wao walikaa ofisini. Mimi nilipelekwa kwenye chumba cha pompi.

Niwaeleze ninyi vijana ambao leo mnaunganisha kompyuta kabla ya kufungua boneti. Lori la zamani la dizeli, sisi tuliita kamyo la mazutu, halikuwa na waya wa kufikiri kwa niaba yake. Lilikuwa na pompi ya kupima mazutu, na ndani ya pompi hiyo kulikuwa na regilateri: vyuma viwili vidogo vinavyozunguka pamoja na motere, yaani injini. Motere ikikimbia, vyuma vinafunguka, na vikifunguka vinapunguza mazutu. Basi motere haiwezi kupita mwendo uliowekwa, hata shofere akanyage mpaka chini. Mwendo huo uliwekwa kwa skrubu moja ya nje. Tukishaipima kwenye mashine, tuliifunga kwa waya na muhuri wa risasi ili mtu asiiguse.

Shefu alinionyesha ile skrubu siku hiyo hiyo.

"Mama Ngalula," aliniambia, ingawa nilikuwa bado msichana, "hii skrubu hapana ya weye, hapana ya shofere, hapana ya patron. Iko ya motere. Kama unaifungua, motere itazunguka sana, na siku moja utaokota bipande byake mu barabara."

Nilikaa katika chumba kile miaka mingi. Mashofere walikuja na samaki, na kuku, na maneno matamu, wakitaka niizungushe kidogo tu. Niliwarudisha wote, na shefu alisimama nyuma yangu. Nilidhani kazi ni hivyo kila mahali.

Kampuni ilipoanza kulegea, chumba cha pompi kilifungwa na mimi nikahamishiwa kwa injenia wa usafiri. Yeye alikuwa mtu mkimya, mwenye kikohozi, na ndiye aliyenifundisha ponti. Ponti ni ule mhimili wa nyuma wenye gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukibadilisha gia za ndani, ukaweka zile za kamyo jepesi, gurudumu linazunguka zaidi ingawa motere inazunguka vilevile. Hapo kamyo linaongeza mwendo bila kugusa skrubu, na muhuri unabaki mzima. Mtu asiyejua ataona ni kitu kizuri kabisa.

"Sasa likishuka mlima na mzigo?" injenia aliniuliza.

Nikafikiri. Nikasema motere haitalishika tena kama zamani, maana kwa gia hizo magurudumu yanapata urahisi wa kuisukuma motere. Kazi yote itaangukia freni, breki za magurudumu.

"Na freni zikipata moto?"

Alikohoa, akafuta mikono. "Mtu akikuomba mwendo, mwambie kwanza akuonyeshe freni zake. Kama haziwezi, asikuombe kitu."

Baada yake nilipata kazi kwa patron Amisi, mfanyabiashara ambaye watu wake walitoka Maniema. Alikuwa na makamyo ya zamani yaliyonunuliwa yakiwa yamechoka, na yalibeba mabamba ya shaba kutoka migodini kwenda mpakani. Sitamsema vibaya. Saa ya swala ikifika tulisimamisha nyundo, na Jumapili hakuniita hata siku moja. Mtoto wangu alipougua, gari lake mwenyewe ndilo lililotupeleka hospitali.

Ni mimi niliyemwombea kazi mdogo wangu Ilunga. Alikuwa shofere mzuri, mwenye mikono mitulivu, asiyekunywa safarini. Alipewa kamyo la zamani kuliko yote, na mimi ndiye niliyelitunza, na skrubu ya pompi yake niliifunga kwa muhuri wangu.

Kisha wakaja wasafirishaji wapya wenye makamyo mapya. Mgodini walitaka mzigo ufike haraka, na anayechelewa aliwekwa nyuma ya foleni. Kamyo la Ilunga halikupita kilomita sabini kwa saa hata barabara ikiwa tupu. Wenzake walimpita wakipiga klaksoni na kucheka. Wakaliita Kamyo ya Dada.

Siku moja asubuhi patron aliniita, Ilunga akiwa amesimama kando yake.

"Mama Ngalula," patron alisema, "mu mgodi banasema tunakawia. Wanataka kutuondoa. Tunaweza kufanya nini juu ya hii kamyo iende mbio?"

Nikamweleza skrubu na motere. Nikamweleza ponti. Nikasema inawezekana, lakini kwanza tubadilishe freni zote: ngoma, vitambaa vya freni vinavyozisugua, na mabomba ya hewa. Pia tuweke freni ya moshi, ile inayofunga njia ya moshi ili motere ilishike kamyo mteremkoni. Vitu hivyo havikupatikana Kolwezi. Vilikuwa vya kuagizwa mbali.

"Vitafika lini?"

"Sijui, patron. Lakini mbele ya hivyo vitu kufika, mi sigusi ponti."

Patron akakubali. Ilunga ndiye aliyenifuata uwanjani, akiniita yaya kama kila mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

"Yaya, unanifanya mutoto mbele ya bantu."

"Ninakufanya muzima."

"Mi najua kushusha kamyo. Ulishaniona nashusha vibaya siku gani?"

"Hapana weye, Ilunga. Ni freni."

"Kila mutu anafanya! Bote banapita! Ni mi tu niko na dada wa kunifunga kamba." Aliokota kofia yake, akaenda zake.

Vifaa viliagizwa. Wakati tunavingoja, mama wa mume wangu akafariki Kasaji, tukapanda treni kwenda kumzika. Treni iliharibika njiani wakati wa kurudi, tukakaa tukisubiri na mabegi yetu na mihogo tuliyopewa. Nilikuwa bado huko simu ya mume wangu ilipolia. Alisikiliza, akanipa mgongo, na kwa namna alivyonipa mgongo nikajua ni habari ya mtu wangu.

Ilunga alikufa mchana, jua likiwa kali, katika mteremko wa kwenda daraja la Lualaba. Mwenye pikipiki ya taksi aliyekuwa chini aliona yote, na alikuja matangani kunieleza mwenyewe. Alisema waliona moshi kwenye magurudumu kabla ya kusikia klaksoni. Chini, karibu na daraja, wamama walikuwa wamepanga makaa na ndizi, na pikipiki zilikuwa nyingi.

"Alikuwa anatuonyesha na mukono, tutoke, tutoke," alisema. "Lakini atatoka nani? Tulishangaa tu. Njo akakata, akaingiza kamyo mu kilima ya udongo. Mama, aliipeleka kule kwa kutaka. Mi niliona uso yake."

Mabamba ya shaba yalikuja mbele yakaponda kabini. Chini, hakuna aliyeumia.

Matanga yalipokwisha nilikwenda mahali walipolivuta kamyo. Waliniambia nisiende. Nikalala chini yake, nikaweka alama ya chaki kwenye gurudumu, nikazungusha na kuhesabu shafti inayoingia ponti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Hesabu ilinitosha, lakini niliifungua ponti hata hivyo, nikaona kwa macho. Gia zilikuwa za kamyo jepesi. Muhuri wangu wa risasi kwenye pompi ulikuwa mzima, haujaguswa. Ngoma za freni zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa moto.

Nilimkuta patron Amisi amekaa ndani ya stoo, hajanyoa.

"Nani alibadilisha?"

"Gereji ya barabarani." Hakuniangalia. "Si mi nilimutuma, Mama Ngalula. Ye mwenyewe alikuja. Alisema, patron, dada yangu eko Kasaji, tufanye sasa, atakuta imeisha. Aliniomba sana. Nikasema ndiyo." Akarudia, kwa sauti ndogo: "Nikasema ndiyo."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nilitaka awe mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningempigia kelele mpaka watu wajae uwanjani, na labda ningelala usingizi. Lakini nilimwona mzee tu, na nyuma yake, kwenye rafu, boksi za freni tulizoagiza. Zilikuwa zimefika siku tuliyomzika Ilunga.

Nilitoa maelezo yangu kwa polisi, nikaeleza ponti kama ninavyowaeleza ninyi. Walinisikiliza vizuri. Wiki iliyofuata nilipita kwenye ile gereji ya barabarani, nikakuta kamyo jingine limeinuliwa, ponti iko wazi, na shofere amekaa kwenye kivuli akila karanga. Nikamweleza habari ya mdogo wangu. Alinipa pole kwa heshima, akavua kofia. Kisha akamuuliza fundi kama watamaliza kabla ya jioni.

Niliacha kazi kwa patron, nikaenda Fungurume, kwenye kampuni kubwa ya usafiri. Direkta wa kule alikuwa kijana, na makamyo yake yalikuwa na kifaa cha umeme cha kuzuia mwendo. Alinipa kazi ya kukagua freni. Nilijiambia hapa mambo yametengenezwa. Haikupita muda nikajifunza kwamba kila shofere anamjua mtu mwenye kompyuta ndogo sokoni, na kwamba kifaa kinaweza kuambiwa uongo. Nilipeleka habari kwa direkta.

"Mama," alisema, "nikiwafukuza wote, nani ataendesha?"

Nilikagua freni mpaka magoti yakakataa, wakaniandalia sherehe na keki, nikarudi hapa Kolwezi, mtaa wa Dilala, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya shaba.

Watu huuliza kazi ilinipa nini. Nilijua kuweka mwendo wa motere kwa mkono wangu ukakaa pale nilipouweka. Nilidhani ujuzi huo unamlinda mtu. Sasa nikikaa barazani nasikia makamyo ya mazutu yakipita njia kubwa, na kwa mlio tu najua lipi limefunguliwa mwendo. Ni karibu yote. Sina wa kumwambia.

Mwezi uliopita Trezo, mwana wa Ilunga, alisimamisha kamyo mbele ya mlango wangu. Ana mke na watoto, na anaendesha la zamani, kama la baba yake. Alinisalimia, akauliza magoti, akazungukazunguka, mwishowe akasema.

"Shangazi, ningependa iongezwe vitesi, iende mbio kidogo. Kwa mukono wako, itakuwa vizuri kuliko kwa bale bengine."

Nilimweleza yote, mpaka rangi ya zile ngoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Najua, shangazi. Lakini bote banapita."

Nikamwambia alete jeki na funguo. Nikalala kwenye gunia chini ya kamyo lake, gurudumu baada ya gurudumu, nikakaza freni, nikabadilisha kitambaa kimoja kilichokwisha, nikafunga bomba lililovuja hewa. Ilichukua mchana mzima. Alinishika mkono kunisimamisha, akanishukuru, akapanda.

Kwenda depo yao unakata kulia pale kwenye njia panda. Kushoto kuna gereji za ponti. Nilisimama na mikono yangu ya grisi nikimtazama. Aliwasha taa ya kushoto, akangoja pikipiki zipite, akakata.