Mkwe Hatazamwi Usoni

Hili ninalokueleza lilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na hata huko shuleni sikuwa hodari wa kutunga insha. Kwa hiyo usidhani nina akili ya kubuni jambo kama hili. Ningekuwa nayo, ningebuni tofauti. Ningelimaliza vizuri.

Lakini kwanza nikujulishe kijiji chetu, maana bila kukijua hutaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya.

Kinaitwa Lusumbi. Ukitoka mjini Kakamega kuelekea Malava, unaiacha barabara kuu kabla hujafika Malava, unaingia mkono wa kulia kwa njia ya murram, ile ya changarawe. Murram nayo inaisha, unabaki na kijia. Miaka hiyo ya tisini tulikuwa na duka moja, mashine moja ya kusaga mahindi, kanisa la mabati, na shule ambayo kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Upande wa mashariki, asubuhi ikiwa safi, unauona msitu mweusi, na nyani wa msitu huo ndio wanaotuvunia mahindi kabla yetu. Pande zote nyingine ni miwa. Miwa mpaka mlangoni. Trekta za kiwanda zikija kuichukua, kijiji kinafunuka, nyumba zinaonana, na watu wanashangaa jirani alivyo karibu. Halafu miwa inamea tena, kila mtu anapotea kwake.

Ndani ya miwa hiyo tunapita kwa vijia vyembamba, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Na kwa kuwa tunaoa vijiji vya jirani, nusu ya watu unaokutana nao humo ni wakwe. Sasa kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Sisi humwita mavyala. Humpi mkono, huli naye, hulali naye chini ya paa moja. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye miwa. Unageuza uso, unamsalimu ukitazama ardhi, mpaka apite. Si chuki hiyo. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo.

Basi wanaume wa Lusumbi tunawajua wakwe zetu kwa miguu na kwa pindo la nguo. Watu wa soko la Malava walituchekanga. "Mtu wa Lusumbi akitaka kujua kama mavyala amezeeka," walisema, "anauliza visigino." Tulicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mke wangu aliitwa Nekesa. Mimi ni mnyamavu, yeye alikuwa akiongea kwa niaba yetu sote wawili, na majirani walisema nyumba yetu ina redio isiyokula betri. Sauti yake aliirithi kwa mama yake, yote, bila kupunguza. Siku nilipokwenda kwao kuposa, nilikaa nje na wazee nikawasikia wakiongea jikoni, nikadhani ni mtu mmoja anayejiuliza na kujijibu.

Mvua za masika za mwaka ninaokusimulia zilikuja na malaria, na ya Nekesa ikampanda kichwani. Tulimpeleka hospitali Kakamega kwa pikapu ya jirani. Mavyala akaenda kukaa naye wodini, amwogeshe na kumlisha. Mimi nikabaki na watoto, Mercy aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na Wafula ambaye alikuwa bado anatafuta ziwa la mama yake usiku.

Jumapili nikaenda kumwona. Nilipochungulia wodini, nikaliona pindo la leso ya mavyala kando ya kitanda. Alikuwa ameushika mkono wa Nekesa wenye sindano ya maji, maana waliambiwa usitikisike, kwa hiyo hangeweza kutoka ili mimi niingie. Nikafanya alichofanya kila mwanamume wa kwetu. Nikazunguka nje, nikasimama kwenye dirisha, mgongo wangu ukiwa ukutani, nikitazama kamba za nguo za wagonjwa.

"Baba Mercy," Nekesa akaniita kutoka ndani, "umekuja kuniona mimi ama kuona kamba?"

Wagonjwa wengine wakacheka. Mavyala akasema, "Mwache mwanamume wa watu. Ana adabu."

"Adabu imeninyang'anya mume," Nekesa akasema, wakacheka tena. Sauti yake ilikuwa chini lakini ilikuwa yake, na mimi nilifurahi sana pale ukutani. Niamini, niliona kama amepona.

Kisha akaongea polepole, kwangu peke yangu. "Jumatano mama ataenda kufua. Uje wakati huo, uingie ndani. Nataka kuuona uso wako. Hapa mtu anasahau sura."

Nikamwambia nitakuja. Nikawapa watoto salamu zake, nikaanza kuingoja Jumatano.

Jumanne mvua ilinyesha mchana wote. Ilipokatika jioni nilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Nikafunga gunia la unga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikaanza kuisukuma kuelekea nyumbani, kwa sababu matope hayakuruhusu kupanda. Mercy nilimwacha na mdogo wake, jirani akiwachungulia. Jua lilikuwa bado halijazama. Nataka uelewe hilo. Haikuwa giza, sikuwa nimekunywa chochote, na sikuwa na usingizi.

Katikati ya kijia, mtu akatokea mbele yangu, anatoka upande wa nyumbani kwangu. Niliona leso kwanza. Ya samawati, maua ya manjano, na ukingo mwekundu uliofifia. Leso ile niliinunua mwenyewe soko la Malava, miongoni mwa vitu nilivyompelekea mavyala wakati wa mahari. Ningeijua hata kwenye kamba ya watu. Nikaisukuma baiskeli ndani ya miwa, nikageuka, nikainamisha kichwa. Maji ya majani ya miwa yakanimwagikia shingoni.

Akasimama. Kwa kawaida mavyala husalimu akiendelea kwenda. Jioni ile alisimama.

"Mulembe, mama," nikamsalimu.

"Mulembe, Baba Mercy."

Ikiwa yeye yuko huku, nani yuko na mgonjwa? Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Amepona," akasema. "Hana maumivu tena."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sasa utaniuliza, hukushangaa kwamba mavyala amepita nyumbani kwako asiingie? Sikushangaa. Mama mkwe haingii kwa mkwewe hivi hivi. Hukushangaa kwamba jua linatua naye anaondoka? Sikushangaa, angelala wapi, chini ya paa langu? Kila kitu kilichokuwa kigeni, mila ilikuwa na jibu lake tayari. Hata miguu. Nilimtazama miguu, ndiyo desturi yetu. Alikuwa peku, na mavyala hakuwa mtu wa kutembea bila viatu vyake vya plastiki. Tena miguu ilikuwa safi, na njia nzima ilikuwa matope. Nikajiambia amevivua asiviharibu, na amepita kwenye nyasi.

"Huyu mdogo," akasema, "usimwache alale miguu nje. Akihisi baridi miguuni huamka akilia."

"Nitamfunika, mama." Nikajua Nekesa amemweleza.

Halafu akasema, "Baba Mercy, niangalie."

Mavyala hawezi kusema neno kama hilo. Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nikafikiri amechoka, siku zote hizo za kukesha hospitalini zimemvuruga. Nikamjibu kwa upole, nikiwa nimetazama tairi la baiskeli. "Mama, ni mwiko."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Unisamehe."

Nikasikia akicheka puani, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Kweli una adabu," akasema. Kisha leso ikapita karibu nami, nikasubiri jinsi inavyotakiwa mpaka nilipohisi njia iko wazi. Nilipotoka kwenye miwa hapakuwa na mtu. Kijia kina kona pale. Nikajua amepinda.

Nyumbani nilimkuta Mercy amekaa mlangoni. Wafula alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imefunikwa vizuri kwa sweta la mama yake.

"Umekutana na mama?" Mercy akaniuliza.

"Nimekutana na kukhu," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Si kukhu. Ni mama. Alivaa leso ya kukhu."

Nikamwambia ameona vibaya, sauti zao zinafanana. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Mimi sikusikia sauti, baba. Nimemwona uso. Alisimama hapa akamwangalia Wafula, akamfunika, akasema anakufuata njiani."

Gunia liliangukia wapi sijui. Nilikimbia kijia kile mpaka barabara ya murram, nikiita jina lake, na watu walitoka kwenye nyumba zao wakidhani kuna ng'ombe ameibwa. Kwenye matope kulikuwa na alama za tairi langu na za viatu vyangu tu.

Asubuhi shemeji yangu Barasa alikuja kwa baiskeli. Alipoiegemeza kwenye ua bila kupiga kengele, nikajua. Nekesa alifariki Jumanne mchana, mvua ikinyesha. Shuka la hospitali lilikuwa fupi, likaacha miguu yake nje, na mama yake akavua leso yake akamfunika nayo. Mavyala mwenyewe hakuwa ametoka wodini hata mara moja. Barasa alisema alimkuta amekaa kwenye benchi na gauni tupu, anatetemeka.

Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Watu walikuwa wengi, ngoma zililia, na mimi nilikaa upande wa wanaume na mavyala upande wa wanawake, tumepeana migongo.

Nimefikiri sana kwa nini sikumtambua. Sisi si ndio watu wa miguu? Nimepata jibu moja tu, nalo linanikata. Miguu ya mavyala niliijua vizuri. Ya mke wangu sikuijua, kwa sababu yeye nilikuwa nikimtazama usoni.

Tulipomaliza kunyoa nywele za matanga na wageni wakaisha, nilikwenda kwa mavyala. Nilikaa uani, yeye akakaa ndani nyuma ya mlango, nikamweleza yote, kuanzia leso mpaka kicheko. Halafu nikamwomba kitu ambacho hakiombwi. Nikamwomba anipe ruhusa nimtazame.

Barasa alikuwa hapo akisikia. "Wewe umerukwa na akili," akasema. "Unataka kutuletea laana ya pili hapa? Wazee wakisikia, utasema nini?"

"Mwache," mavyala akasema kutoka ndani.

Akatoka. Akavuta kigoda akakiweka mbele yangu, akakaa, akafungua kitambaa cha kichwa. Nikainua macho. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kuiona sura ile. Paji lilikuwa la Nekesa, na mwanya mdogo kwenye meno ya mbele ulikuwa wa Nekesa, na mikunjo kando ya macho ilikuwa ile ambayo Nekesa angeipata kama angekaa. Nilimwona mke wangu akiwa mzee. Nililia mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo nalo ni mwiko.

"Umemwona?" akaniuliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Hata mimi nikimtaka," akasema, "nachukuanga kioo."

Wazee walisikia, bila shaka. Walinitoza kondoo wa kutakasa, nikampeleka, akachinjwa, maneno yakaisha. Lakini mimi sikurudi kama nilivyokuwa. Kijia kile siwezi kukipita jioni. Nazunguka kwa barabara ya trekta hata kama nina mzigo. Na nimepata tabia ambayo watu wa Lusumbi hawaipendi. Namtazama kila mtu usoni, mgeni kwa mwenyeji, wakwe za ndugu zangu, mpaka akina mama wananikwepa wakisema huyu mjane ana macho mabaya. Nawaelewa. Mercy ni mtu mzima sasa na amefika umri ambao mama yake aliishia. Hatujawahi kulizungumza tena lile la mlangoni. Yeye alimwona, mimi sikumwona, basi tunaliacha hapo.

Wewe unayesoma, sikuambii uvunje mila za kwenu. Mimi mwenyewe ninazishika. Lakini ukiwa na mtu wako mgonjwa hospitalini, na mtu mwingine akasimama mbele yako njiani akakuomba umtazame, usiulize ni nani, mtazame. Kosa la kumtazama mkwe lina faini, nami nililipa kondoo. Kwa kutomtazama Nekesa, niliwauliza wazee wote wa Lusumbi nilipe nini. Hakuna aliyejua ni mnyama gani.