Nyama ya Kuchoma ya Wasio na Meno

Mwaka ule ilipoingia sikukuu ya mfunguo tatu, Idd ya kuchinja, bibi yangu mzaa baba alikuwa amebakiwa na meno ya mbele tu. Magego yote yameshang'oka. Siku ya kuchoma nyama uani kwetu Shumba, yeye hupelekewa bakuli la supu ndani, anywe peke yake, na siye tuko nje tunagombania mishkaki na kucheka. Halalamiki. Lakini nilikuwa nikimsikia akiuliza kutoka ukumbini, "Imewiva?" na roho yangu inaniuma.

Nikajiapiza: safari hii bibi atakula nyama ya makaa, nje, pamoja na watu.

Mie shule niliishia kidato cha pili, ila kwa ndoto sina mpinzani. Nilikwishajiona na banda langu la mishkaki soko la Tumbe, wachuuzi wa samaki wanaegesha baiskeli kwangu kwanza. Tatizo ni ami yangu. Jiko la kuchomea ni lake, na kwake yeye mwanamke hupika, hachomi. "Weye kaa na chungu," ndiyo jawabu yake kila mwaka. Bibi ndiye aliyemkata kauli: "Mpe mjukuu wangu jiko. Nyama ni fungu langu, akiiharibu kaharibu yangu." Ami akacheka, akanirushia kipepeo cha ukili cha kupepea makaa.

Kwetu tunachinja Idd mosi, tunachoma Idd pili. Na kila mtu wa huku anajua nyama ngumu hulainishwa kwa papai bichi: unapaka kidogo, nusu saa, basi. Mie nikafikiri, kwa fizi za bibi nusu saa itafaa nini? Nikalikuna papai zima na maganda yake, nikatia thomu, tangawizi, ndimu na chumvi, nikalilaza fungu la bibi humo mpaka asubuhi.

Kutungika kwenye vijiti ilitungika. Ami kapanga mishkaki yake upande mmoja wa jiko, nami nikapanga safu ya mwanzo upande wa pili, juu ya makaa ya vifuu, mafuta yakalia chwaa! Nikataka kugeuza mmoja, nikainua kijiti kitupu. Nyama yote imebaki chini, inadondokea motoni tonge tonge.

"Alaa! Jamani njooni," ami akapiga ukelele, "mpishi wetu kachoma uji!"

"Tuleteeni vijiko!" akadakia mwanawe. Ua mzima ukaangua kicheko.

Nilitaka kukimbilia jikoni nikalie. Lakini bibi alikuwa ameshatolewa nje, kakaa jamvini na kanga zake mpya, ananitazama mie tu. Nikakumbuka dagaa. Dagaa hawashikiki kwenye kijiti, na hatuwatupi. Tunawafunga jani la mgomba. Nikakata majani, nikayababua motoni yalainike, nyama iliyobaki nikaifunga bonge bonge, nikaiweka juu ya wavu.

"Sasa unachoma mkate?"

"Ami, subiri."

"Nisubiri nini, sikukuu nyengine?"

Majani yakageuka meusi, moshi ukaanza kunukia. Nikafungua bonge la mwanzo: pembeni pameungua kidogo, kati laini kama samli. Nikamwekea bibi mbele yake. Akamega kwa ncha za vidole, akatia mdomoni, akatafuna na fizi zake taratibu. Hata ami aliacha kugeuza mishkaki yake. Bibi akameza. Akamega tena. Kisha akalivuta jani zima mapajani mwake.

Ami akanyoosha mkono. "Mama, nionjeshe."

"Toa mkono! Ngoja mishkaki yako iwive. Hii ya wasio na meno."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, na nilijiona mrefu kuliko mnazi. Bibi alikula mafuta yakimchuruzika mpaka kiwikoni, akimtania huyu, akimjibu yule, mdomo umejaa. Hakuingia ndani mpaka ilipoadhiniwa alasiri.