Mfinyanzi wa Sindo anayeokota watoto njiani

Ukungu wa ziwa bado umelala juu ya majani, na Zilpah Awino anatembea mbele bila kusema neno. Karai la udongo liko kichwani. Zilpah akitoka kuchimba udongo hasalimii mtu wala hageuki nyuma, na mwandishi wa habari hizi ameonywa mapema afunge mdomo.

Kwenye njia panda mtoto analia.

Yuko chini, juu ya kipande cha mkeka, peke yake. Hakuna mtu anayeonekana. Lakini majani marefu ya kando yanatikisika na hakuna upepo, na mwandishi, mtu mzima mwenye watoto wake, anatamani kutimua mbio. Zilpah anatua karai, anamwinua mtoto na kumpangusa umande usoni.

"Nimeokota mtoto," anasema kwa sauti ya kusikika mbali. "Mama yake simjui. Ni wangu."

Kisha anashika njia. Nyuma yetu, ndani ya majani, mwanamke analia kwa kujizuia. Ni Marcella, aliyemzaa mtoto huyu wa kike wiki iliyopita.

Ni desturi ya Waluo. Nyumba ikifiwa na watoto mfululizo, anayefuata hutupwa njiani, aokotwe na mwanamke ambaye wanawe wako hai. Wa kiume huitwa Owiti, wa kike Awiti, yaani aliyetupwa. Kifo kikimjia kinaambiwa hapa hakuna mtoto. Baadaye wazazi humkomboa kwa kuku, wakamrudisha nyumbani.

Zilpah, mjane mwenye watoto saba wazima, amekwisha kuokota wanane tangu kabla ya Uhuru. Nusu yao wamekufa.

"Chungu nauza shilingi mbili," anasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii kazi ingine hakuna mtu ananilipa. Lakini hii ndiyo watu wananijulia."

Marcella alikuwa amezika watatu kabla ya Owiti wake, kaka wa mtoto wa leo, kuzaliwa. Wote waliondoka kwa njia moja. Macho yaligeuka manjano, mikono na miguu ikavimba, mifupa ikauma hata mtoto akapiga kelele akiguswa na shuka. Mwisho midomo na viganja vilipauka kama vya mtu asiye na damu.

Mama mkwe wake Teresa, ambaye wote humwita Dani, yaani bibi, ana maelezo yake. "Ni mtoto mmoja tu," alimwambia mwandishi. "Anakuja, anatuangalia, anaenda." Alikuwa akitazama mlangoni aliposema hivyo, na mwandishi naye akajikuta anatazama.

Owiti aliokotwa na Zilpah, akakombolewa, akakua. Alipofika umri wa miaka mitatu macho yakaanza kubadilika. Zilpah akawasihi wazazi wampeleke zahanati, ambako Cephas, fundi wa maabara wa hospitali ya misheni, huja na baiskeli na vioo vyake kupima damu.

Daktari wa misheni, aliposimuliwa vifo vya wale watatu, alishuku ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikakwama katika mishipa na kufa kabla ya wakati wake, na damu ikapungua. Mtoto huupata akiurithi kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao wenyewe hutembea wakiwa wazima. Hauponi. Lakini mtoto akijulikana mapema hukingwa na malaria, hupewa dawa na huongezewa damu inapopungua mno, na wapo wanaokua.

Majibu yakaja kwamba damu ya Owiti haina ugonjwa huo. Upungufu wake ni wa minyoo. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, akarudishwa nyumbani. Mwaka jana, 1965, kabla ya masika, malaria ilimshika na hakuamka.

Ni kwenye matanga ndipo Marcella alipomvuta Zilpah nyuma ya ghala.

"Ile damu haikuwa yake," alimwambia. "Dani alisema akiitika jina yake huko mbele ya watu, wale watatu watasikia mahali ako. Tulipeleka Paul, mtoto ya shemeji, aitikie jina ya Owiti."

Paul alikuwa na minyoo tu, na leo ni mzima kama jiwe. Walikidanganya kifo na wakaidanganya hospitali vilevile, na mtoto ndiye aliyeondoka.

"Nilikasirika nikakosa mahali pa kuweka mikono," Zilpah anasema. "Nilikuwa mama yake pia. Hakuna mtu aliniuliza."

Tangu hapo, anasema, akipita njia panda husikia mtoto akiita, mama. Hasimulii kama hadithi ya kutisha watoto. Anasema huku akikanda udongo.

"Mara ya kwanza siitiki. Ya pili naitika. Ni mtoto yangu, nitamnyamazia mpaka lini?"

Msichana wa leo hakupelekwa moja kwa moja nyumbani. Zilpah amempitisha zahanati, siku ya Cephas. Cephas amemtazama, akatikisa kichwa.

"Mama, bado mapema," alisema. "Damu ya mtoto mchanga inaficha huu ugonjwa. Mlete akianza kukaa mwenyewe. Na akishikwa na homa, usingoje kesho."

Jioni Marcella yuko mlangoni kwa Zilpah, kuku kwapani.

"Mama, nimekuja kukomboa mtoto."

"Kuku sitaki, nyar wa, binti yetu. Ingia umnyonyeshe. Kama unataka, lala hapa. Lakini huyu haendi kwa Dani mpaka atobolewe kidole yake mwenyewe, mimi nikiona."

"Dani atasema umeniibia."

"Aseme."

"Na wakipata ni ile ugonjwa?"

"Tutamlea akiwa mgonjwa. Si watu wanalea wagonjwa?"

Marcella anakaa chini, anamfungua kuku miguu, anampokea mtoto.

Huo ndio mpango wa Zilpah kwa miezi ijayo. Siku ikifika atambeba Awiti mbele ya meza ya Cephas, na akiulizwa jina atalitaja kwa sauti, la mtoto na la mama, watu wote wakisikia. Mwandishi anamuuliza: na ndugu zake wanne waliokufa je, nao wakisikia?

Zilpah anatazama nje, kuelekea njia panda.

"Wasikie," anasema. "Ni dada yao."