Mafunjo ya Koko

Juzi nimeona mafunjo nyuma ya nyumba moja hapa Bukavu, mabichi, yamesimama katika kishimo cha maji ya mvua. Wivu ukanishika palepale. Sikudanganyi, nilikuwa nimeenda kusalimia tu.

Mwenye nyumba namujua tangu utoto. Ni binti wa jirani ya koko, mama ya baba yangu, kule Nyantende, ambako sisi watoto wa mujini tulipelekwa wakati wa vakansi, shule zikifungwa. Koko alipanda mafunjo yake mwenyewe kando ya chemchemi, akagawa mashina, akayapalilia kama maharagi. Alisuka mikeka, na nyumba yake ilinuka majani mabichi na ndizi za kuchoma.

Mwaka mumoja akamupa yule binti kipande chake cha mafunjo, akate na kusuka mukeka wa komunyo yake ya kwanza kanisani. Mimi mujukuu hakunipa hata bua moja.

"Wewe uko mutoto wa vakansi," alisema. "Mafunjo inataka mutu wa kila siku."

Eh! Nililia mpaka kamasi.

Koko alitufundisha kukata juu ya maji, kisiki kipate kupumua. Ukikata chini ya maji, kinaoza. Basi asubuhi moja, wote wakiwa shambani, nikachukua kisu, nikazamisha mikono katika maji baridi, nikakata kipande chote cha yule binti, chini kabisa.

Visiki vikaoza. Akapokea komunyo bila mukeka. Koko akatangaza kwamba ni ng'ombe za watu zimeharibu. Mimi nikala bugali yangu vizuri.

Leo koko hayuko. Chemchemi wameijaza udongo, wamejenga manyumba juu yake. Mafunjo yake yamebaki kwa huyu binti tu, maana koko alimupa shina lingine, na kila alipohama alihama nalo. Mimi wa damu sina hata kipande cha mukeka.

Juzi ile mwenye nyumba akanichimbulia shina, akalifunga katika sashe ya plastiki. "Kamata, dada. Ila mara hii ukate juu ya maji."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Koko aliona mikono yako, matope mpaka kwa kiwiko. Akaniomba nisiseme, usipate haya mbele ya watu."

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani alimupenda yeye tu.