Mashahidi Chini ya Jiwe la Montorvain

Clotilde Vaucheret alikuwa na miaka sabini na mmoja siku aliposimama katika ukumbi wa baraza la Montorvain na kumkatiza meya. Hakuwa na mazoea hayo. Alikuwa amefundisha watoto wa kijiji kwa miaka thelathini na miwili, na nusu ya watu waliokaa pale aliwafundisha yeye kushika kalamu.

"Rudia hapo," alisema.

Meya, Odile Perrenet, alikuwa akisoma maneno ya ubao ambao ungesimamishwa kando ya birika la zamani la kufulia, ili wageni wajue habari za kijiji: kanisa, tanuri la mkate la wote, kijito, na yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na watawa. Aliishusha sauti.

"'Jiwe la tatu, karibu na chemchemi, halipo mahali pake. Lilisogezwa na wenye shamba.'"

"Wenye shamba ni sisi."

"Hakuna jina lililotajwa, Bi. Clotilde."

"La kazi gani? Hata mbwa wa hapa wanajua shamba lile ni la nani."

Nyuma ya ukumbi, Firmin Jacquotin alicheka. Shamba lake lilipakana na la Vaucheret kwa upande wa chini, na lawama za jiwe lile alizirithi kwa baba yake pamoja na ng'ombe.

"Kaa chini, bibi mwalimu," alisema. "Marehemu mumeo alipenda kusogeza vitu. Hata kiti chake kanisani alikisogeza mpaka akaketi kwenye miguu ya wenzake!"

Watu wakacheka. Clotilde hakugeuka. Montorvain ilimsamehe mlevi, ilimsamehe mwindaji haramu, hata mume aliyemkimbia mkewe. Aliyesogeza jiwe la mpaka haikumsamehe. Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipobeba maua kwenda makaburini, la mtu kama huyo walilipita wakitazama upande mwingine. Mumewe Anselme alikuwa na miaka minne tu tangu azikwe.

"Basi tuifute sentensi hiyo," Odile alisema haraka. "Tuandike kanisa na tanuri, yaishe."

Clotilde angekubali, mambo yangeishia pale. Lakini kwake kufuta kulikuwa ni kuficha.

"Hakifutwi kitu. Chimbeni. Watawa walipoweka jiwe walivunja kigae kimoja, wakafukia vipande vyake chini. Hao ndio mashahidi. Mwizi hubeba jiwe. Mashahidi hana habari nao. Wetu wapo pale pale. Chimbeni, na kila mtu aje aone."

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani. Mpima ardhi aliyeitwa kutoka mjini aliling'oa jiwe, akachimba hadi magotini. Ukatoka udongo, mizizi, na gamba la konokono.

"Mashahidi wamekwenda kunywa maji kidogo," Firmin alisema. "Tuwasubiri."

"Endelea," Clotilde alimwambia mpima.

Mpima akafunga kamba kwenye jiwe la pili, akaomba mtu aivute hadi la nne, kwani watawa waliyapanga mawe yao mstari mmoja. Clotilde aliishika mwenyewe, akashuka nayo mteremko, akaikaza. Alipogeuka kutazama, kamba haikuwa karibu na shimo. Ilipita hatua kumi na nane ndani ya shamba lake, ng'ambo ya chemchemi ambayo ng'ombe wa Vaucheret walikuwa wakiinywa tangu kabla hajaolewa. Sururu ikapigwa pale. Pigo la tano likalia.

Vilitoka vipande vitatu. Mpima alivipangusa kwa kidole gumba na kuviunganisha kwenye kiganja. Vikashikana, kigae kikawa kizima.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma Clotilde kuliko kicheko. Alimkumbuka Anselme akifyeka nyasi kulizunguka lile jiwe kila majira ya kuchipua, taratibu, bila kubakiza jani. Siku zote yeye aliiona kazi ile kuwa ni heshima. Sasa hakujua ilikuwa nini.

"Wezi!" Firmin alipaza sauti. "Babu, baba, mwana! Mmekunywa maji yetu, kisha mkatupita barabarani pua juu!"

"Odile," Clotilde alisema, "una kalamu? Andika. 'Jiwe hili lilisogezwa na ukoo wa Vaucheret. Limerudishwa na Clotilde, wa ukoo huohuo.'"

"Si lazima jina, Bi. Clotilde..."

"Andika jina. Vaucheret lina t mwishoni, isiyotamkwa. Wengi wenu mnaisahau."

"Kurudisha wizi si sifa!" Firmin alisema.

"Si sifa. Ni habari. Nawe njoo upige magoti hapa. Mashahidi hawawekwi na upande mmoja."

Firmin alitazama watu, na watu wakamtazama yeye. Alikuja. Walipiga magoti bega kwa bega kwenye tope. Firmin akaweka kipande chake, Clotilde chake, mpima cha tatu, kisha jiwe likasimamishwa juu yake.

"Usidhani nitakusalimu kwa hili," Firmin alinong'ona.

"Hukunisalimu vizuri hata ulipokuwa darasani kwangu."

Jumatatu Firmin alizungushia chemchemi seng'enge. Watu walingoja Clotilde akaombe maji, au atume mtu amwombee. Hakuomba. Asubuhi na jioni aliwatoa ng'ombe wake tisa barabarani, akawapitisha katikati ya kijiji hadi kwenye birika la kanisani, kichwa juu, fimbo mkononi. Firmin alifungua dirisha ili aone vizuri. Clotilde hakuongeza mwendo. Ng'ombe mmoja akisimama mbele ya mlango wa Firmin kufanya haja yake, alimsubiri amalize, kisha wakaendelea.